Zipu ya Sanduku la Bi Stempu

Jumapili ile Bi Stempu aliingia kwenye gari la mwanawe akiwa na siri mbili. Ya kwanza ilikuwa nguo ya kuogelea, aliyoivaa chini ya gauni tangu nyumbani kwa kuogopa kuvua mbele ya watu. Ya pili ilikuwa sanduku. Lilikuwa chini ya kitanda, limeshapakiwa na kufungwa, na tiketi ya basi la Jumatatu asubuhi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa pembeni. Alikuwa anakwenda kwa dada yake mkubwa. Watu wakiuliza, angesema anakwenda kumsalimia. Lakini mtu anayekwenda kusalimia hapakii sweta tatu, cheti cha kustaafu na picha ya marehemu mama yake.

Mumewe alikuwa bado hajaambiwa.

Leo nitamwambia, alijiapia Bi Stempu, akimtazama kisogo kile alichokijua kuliko uso. Mumewe alikaa kiti cha mbele, pembeni ya kitinda mimba wao aliyekuwa akiendesha, na kila walipofika kwenye kona alikanyaga breki ambayo haikuwepo. Mtaa mzima ulimwita Tanuri, kwa kuwa alikuwa mwoka mikate. Na mkewe walimwita Bi Stempu kwa sababu ya kazi yake posta. Siku hii ya kwenda kwenye maji ya moto ilikuwa zawadi ya watoto wao watatu. "Mmefanya kazi mno," walisema. "Nendeni mkaloe."

Maji ya moto hulainisha hata maharage ya mwaka juzi, aliwaza Bi Stempu. Huenda yangelainisha na maneno.

Asiyewajua angedhani wamegombana. Wala. Tatizo lao lilikuwa la namna yake: walikuwa wamestaafu.

Kwa miaka thelathini na minane Tanuri alitoka nyumbani saa tatu usiku kwenda kukanda unga, akarudi saa moja asubuhi ananukia hamira. Bi Stempu alikuwa chumba cha kuchambua barua, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mmoja akifunga viatu, mwenzake anavua. Walipishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo: "Umeamkaje?" "Salama. Pole na kazi." Basi. Jinsi walivyopata watoto watatu, majirani walikuwa wakitania, labda waliletewa kwa posta.

Lakini kitanda chao hakikuwahi kupoa. Kila jioni Tanuri alijilaza saa moja kabla ya kwenda kazini, na alijilaza upande wa mkewe, ule wa ukutani, kwa makusudi. Akisimama kuvaa koti alisema neno moja: "Nimekupashia." Na Bi Stempu akaingia kwenye lile umbo la joto aliloachiwa, akalala kama mtoto.

Mengine yote waliyamaliza kwa chaki, nyuma ya mlango wa jikoni. Gesi inakaribia kwisha. Mdogo kakohoa, dawa nusu kijiko. Mwalimu anamwita mzazi, nenda wewe, mimi nitamtukana. Mkate wako uko kwenye kitambaa cha bluu, kata pembeni, katikati hakujaiva vizuri, nilikuwa nakuwaza. Hilo la mwisho Tanuri aliliandika mara moja tu, miaka ishirini na mingapi iliyopita, na Bi Stempu hakulifuta mpaka lilipojifuta lenyewe.

Kisha wakastaafu, mwaka mmoja, miezi miwili tofauti. Sasa walikuwa nyumbani wote wawili kutwa nzima, na hawakujua la kufanya. Walikutana ukumbini wakaambiana "samahani" kama abiria. Mezani walitazamana, wakatazama chumvi. Bi Stempu aligundua jambo la ajabu, la kutia hata aibu kulisema: alikuwa anamkumbuka mumewe, na mumewe yupo hapo hapo, anapanga upya sufuria.

Mwezi uliopita Tanuri, kwa kukosa kazi, aliusugua mlango wa jikoni kwa sabuni, akaupaka rangi ya mafuta, nyeupe, inayong'aa.

"Sasa tupo wote," alisema, amejawa na fahari, rangi kwenye nyusi. "Chaki ya nini tena?"

"Umependeza," alijibu Bi Stempu. Akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Wiki ile ile akampigia dada yake.

*

Nyumba ya maji ya moto ilikuwa chini ya kilima, jengo refu lenye vigae vyeupe na madirisha yaliyotoka jasho. Maji yalitoka ardhini yenyewe, yakiwa ya moto na yamejaa madini, na yalinuka kidogo kama yai la kuchemsha. Kwenye ubao wa mlangoni paliandikwa kila bwawa na joto lake: nyuzi thelathini na nne, thelathini na sita, thelathini na tisa. Chini yake, kwa herufi nyekundu: OGA KABLA YA KUINGIA. USIKAE ZAIDI YA DAKIKA ISHIRINI. USIKIMBIE.

"Nani atakimbia hapa?" aliuliza Tanuri. "Wote tuna magoti mabovu."

Kitinda mimba aliwafunga kila mmoja utepe wa mkononi wenye ufunguo wa kabati. "Nitawafuata saa kumi. Baba, usiwafundishe watu kazi zao. Mama, msimamie."

"Nani ataweza?" alisema Bi Stempu.

Wanawake kushoto, wanaume kulia. Bi Stempu alivua gauni kwa haraka, akajistiri na joho la taulo walilopewa, akatia miguu kwenye kandambili ambazo zilikuwa kubwa kwake. Kwenye kioo alimwona mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti kama viazi na uso wa mtu anayekwenda kufanyiwa usaili. Haya, piga moyo konde, alimwambia yule wa kwenye kioo. Neno ni moja tu: Naondoka kesho. Lingine lolote litajifuata.

Bwawa la nyuzi thelathini na sita lilikuwa la duara, na mvuke ulielea juu yake kama juu ya kikombe cha chai. Tanuri alikuwa ameshaingia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, maji yamemfika kidevuni, pale hasa ambapo bomba lilikuwa linaingiza maji mapya. Alipomwona mkewe akishuka kwa uangalifu, mkono kwenye chuma, macho yalimng'aa.

Bi Stempu alikaa karibu naye. Maji yalimkumbatia kiuno, mgongo, mabega. Alisahau kwa nini alikuja. Kisha akakumbuka.

"Baba watoto," alianza. "Nina neno."

"Ngoja, usikae hapo, hapo pamepoa." Tanuri alikuwa ameshasimama, maji yanamtiririka kwenye kitambi. "Njoo hapa kwangu. Nimekupashia."

"Lakini nilikuwa nataka..."

"Kaa, kaa! Joto lote liko hapa." Akampisha, akapanda ngazi, akajipangusa na kwenda zake na kandambili zake zikilia chapa, chapa.

Bi Stempu akabaki kwenye pembe ya joto, peke yake, na neno lake mdomoni kama kokwa la tunda. Alilimeza.

*

Alimfuata kwenye sauna baada ya robo saa. Ilikuwa chumba kidogo cha mbao, ngazi tatu za kukalia, na jiko la mawe pembeni. Watu wanne walikuwa wamekaa humo, wamenyamaza kwa namna ya watoto walioambiwa na mwalimu wanyamaze. Tanuri alikuwa ngazi ya juu kabisa, amenyoosha mkono mbele ya jiko, anahesabu kwa midomo. Kazini alikuwa akiujua moto hivyo: unaingiza mkono, unahesabu, ukishindwa kufika kumi, mikate inaingia.

"Kumi na nne," alitangaza. "Halijafika. Na huku nyuma hakuna moto kabisa. Aliyejenga hili jiko hakuwahi kuoka hata andazi. Ndugu yangu," alimgeukia mwanamume mmoja mwenye kipara, "wewe geuka sasa. Upande huo umeshaiva."

Mwenye kipara aligeuka.

"Mama, huyu ni wako?" alimnong'oneza Bi Stempu alipokaa. "Ametugeuza mara tatu."

"Shukuruni hajawapaka mafuta," alisema Bi Stempu, na wote wakacheka, hata Tanuri, kicheko kile cha tumbo ambacho alikuwa hajakisikia tangu wastaafu. Kumbe bado kipo. Kimekaa tu mahali pasipofikika, kama kisanduku juu ya kabati.

Alipanda ngazi mpaka ya juu. Mbao zilimuunguza mapaja. "Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, "tutoke kidogo, nina..."

Tanuri alishainuka. "Njoo hapa, hapa ndipo penye moto wa sawasawa. Nimekupashia mahali." Akagonga ubao kwa kiganja kama mtu anayejaribu mkate, akashuka, akafungua mlango, akaondoka.

Mwenye kipara alimtazama Bi Stempu kwa huruma. "Mmekosana?"

"Hapana," alisema Bi Stempu. Lakini ndani alijiuliza.

Mara ya tatu ilikuwa kwenye viti vya kulalia, karibu na madirisha. Tanuri alikuwa amelala chali, taulo tumboni, macho ameyafumba. Bi Stempu alinyata. Kabla hajafika hatua mbili, mume akafumbua jicho moja, akasimama, akalinyoosha taulo kwenye kiti na kulipapasa kwa mkono. "Kiti kimeshika joto," alisema. "Lala upumzike." Akaenda.

Bi Stempu hakulala. Alisimama pale amekishika kile kiti, na machozi yalimfika puani. Ananikimbia, aliwaza. Mwenye macho haambiwi tazama. Kila nikifika, anaondoka. Basi na mimi naondoka, sihitaji hata kumwambia. Nitaweka karatasi mezani, kwa kuwa mlango hauandikiki tena.

Akaenda kukaa kwenye benchi la vigae lililo mkabala na chumba cha mvuke, mahali ambapo hakuna mtu anayekaa kwa sababu pana upepo.

*

Mhudumu wa mabwawa alikuwa msichana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Alikuwa amewaangalia hawa wazee tangu asubuhi, na sasa alishindwa kujizuia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, usinichukie. Yule babu uliyekuja naye, amekukosea nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Maana kila ukiingia mahali, yeye anatoka. Nimehesabu mara tatu. Wenzangu pale kaunta wanabishana, mmoja anasema mmeachana, mwingine anasema ni shemeji yako."

Bi Stempu alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. "Ni mume wangu. Miaka thelathini na minane."

"Uuu." Msichana alikaa bila kualikwa. "Na mara zote yuko hivyo?"

"Mara zote," alisema Bi Stempu polepole. "Mimi nikiingia, yeye anatoka." Na aliposema hivyo, kitu kilimgusa, bado hakijawa wazo, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha mbali. Hakupata muda wa kukisikiliza.

"Bibi, tazama. Huyo siye?"

Chumba cha mvuke kilikuwa na ukuta mzima wa kioo. Kwa ndani kilikuwa cheupe pi, kimefunikwa na ukungu, na taa ilikuwa inawaka nyuma ya ule weupe. Katikati ya ukungu kilionekana kivuli chenye kitambi. Na mbele ya kivuli, kidole. Kidole kilikuwa kinaandika.

"Anachora nini?" Msichana alikunja uso. "Hizo ni herufi? Mbona zimeangalia nyuma?"

Zilikuwa zimeangalia nyuma kwa sababu mwandishi alikuwa ndani na wao walikuwa nje. Mtu mwingine yeyote angehitaji kioo cha pili. Lakini Bi Stempu alikuwa amechambua barua miaka thelathini na minane. Alisoma miandiko ya madaktari. Alisoma anwani zilizolowa mvua, zilizoandikwa kichwa chini, zilizotokea nyuma ya bahasha kwa kivuli cha wino. Na mwandiko huu angeusoma hata usingizini: zile herufi kubwa za mviringo za mtu aliyezoea kuandika majina ya watu juu ya keki.

UMEKAA KWENYE BARIDI, kioo kilisema.

"Umekaa kwenye baridi," alisoma Bi Stempu kwa sauti.

"Weee! Unasoma?"

Mvuke ukayafunika maneno, kidole kikasubiri, kisha kikaanza tena.

SANDUKU NIMELIONA.

Bi Stempu aliacha kusoma kwa sauti. Mhudumu alimtazama usoni, akaona lililopo, akasimama taratibu. Alikuwa msichana mwenye adabu. Alikwenda kusimama mbali, lakini si mbali sana.

ZIPU MBOVU. Ukungu. ITAKUACHIA NJIANI.

Kweli ilikuwa mbovu. Bi Stempu alikuwa ameifunga kwa pini mbili za nguo. Kwa hiyo Tanuri alikuwa ameinama chini ya kitanda na yale magoti yake, akalitazama mpaka kwenye zipu, akalirudisha vilevile, akanyamaza. Siku ngapi? Akaendelea kunywa chai, akaendelea kupanga sufuria. Leo asubuhi alikuwa amekanyaga breki za hewa njia nzima huku anajua.

Kidole kilikaa muda mrefu bila kuandika. Tone moja la maji liliteremka kwenye kioo kama linalotafuta njia.

UKITAKA KWENDA NITAITENGENEZA LEO.

Ukungu ulipanda taratibu. Bi Stempu alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

UKITAKA KUKAA NITAIACHA.

Alivuka vigae na kandambili zake kubwa. Alitaka kujibu pale pale, kwa njia ile ile, lakini upande wake kioo kilikuwa kikavu. Basi akafungua mdomo, akapumulia kioo, haa, akapata duara la ukungu linalotosha herufi moja. Akaandika I. Ikapotea. Haa, akaandika A. Ikapotea. Haa.

"Bibi!" Mhudumu alikuja mbio, amesahau ule ubao wa kukataza mbio. "Una pumu?"

"Nina mume! Niache nimalize." Haa.

Ndani, kivuli kiliinama, kikasogeza pua kwenye kioo, kikainamisha kichwa upande huu, kikakiinamisha upande ule. Tanuri hakuwa mchambuzi wa barua. Na miwani aliiacha kabatini. Alifungua mlango, wingu lote likatoka naye, akasimama mbele ya mkewe, mwekundu, amelowa, anafuka kama mkate uliotoka sasa hivi.

"Umeandika nini?" aliuliza. "Sijasoma."

Bi Stempu alitazama kushoto na kulia. Hakukuwa na chaki. Hakukuwa na mlango. Kulikuwa na mdomo tu, na mdomo wake haukuwa na mazoea.

"Nimesema," alisema, "iache."

"Niache nini?"

"Zipu, mzee wangu. Iache mbovu hivyo hivyo."

Tanuri alipepesa macho. Mvuke, pengine. Kisha, kwa kuwa hakujua kabisa mwili wake ufanye nini, ukafanya uliouzoea. Alisogea pembeni ya mlango, akanyoosha mkono kumwonyesha ndani. "Basi ingia wewe upate moto. Nimekupa..."

"Nyamaza!" Bi Stempu alimkamata kifundo cha mkono, kile chenye utepe wa ufunguo. Na sasa lile lililokuwa linamwita kutoka chumba cha mbali likafika, likasimama mbele yake na nguo zake zote. Hakuwa anamkimbia. Miaka yote thelathini na minane hakuwahi kumkimbia. Alikuwa anampashia mahali, kisha anaondoka, kwa kuwa ndivyo upendo ulivyofanya kazi nyumbani kwao. Hakuna aliyemwambia kwamba lindo limekwisha.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza, taratibu sasa.

"Nakupisha."

"Nani kakwambia unipishe?"

"Sijui kukaa, Bi Stempu," alisema Tanuri, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa mwenye kipara. "Ninajua kupisha tu. Tangu nistaafu nakuona upo pale mezani, nafurahi, halafu nawaza, sasa mimi ndiyo niende wapi? Nikaona nipake hata rangi."

"Uliufuta mlango wangu."

"Nilidhani kuandikiana ni kwa watu wasioonana."

"Sisi tumeonana lini?"

Mhudumu, kule mbali si mbali sana, alijifanya anapangusa filimbi.

Bi Stempu hakuuachia ule mkono. Alimvuta, kandambili nne zikilia bila mpangilio, mpaka kwenye bwawa la nyuzi thelathini na tisa, lile dogo la mwisho ambalo hawakuwa wamelifikia. Walishuka pamoja, mmoja akishika chuma, mwingine akimshika mwenzake. Maji yalikuwa ya moto kiasi cha kumfanya mtu avute pumzi. Tanuri alikaa, akapapasa ngazi pembeni yake, na Bi Stempu alimwona kabisa misuli ya mapaja inavyojiandaa kuinuka.

"Tanuri. Haya maji yanatoka ardhini na moto wake. Hayataki mpashaji. Kaa."

Akakaa.

Dakika ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko unga wa baridi. Walitazama mbele. Tanuri alikohoa. Bi Stempu alitafuta neno akakuta lile la zamani tu, la Naondoka kesho, na hilo halikuwa na kazi tena. Dakika ya pili Tanuri alisema kwamba maji yananuka yai, na Bi Stempu alisema ndiyo, yananuka. Dakika ya tano alimuuliza kama anakumbuka ule mkate ambao haukuiva katikati. Alikumbuka. Akamwuliza, kweli alikuwa anamuwaza, au alitafuta kisingizio?

"Vyote viwili," alikiri Tanuri. "Nilikuwa nakuwaza nikasahau tanuri. Mikate mia mbili iliharibika siku ile. Nilimwambia tajiri ni hamira."

Bi Stempu alicheka mpaka akameza maji ya madini. Tanuri akampiga mgongoni. Mkono ulipomaliza kupiga haukuondoka. Ulibaki pale, mzito, umekakamaa viungo, mkono wa kukanda, na taratibu ulianza kumkanda bega, pale pale panapomuuma tangu enzi za magunia ya barua. Hakuwahi kumwambia panapouma. Au labda aliwahi, kwa chaki.

Filimbi ililia.

"Babu na bibi," alisema mhudumu kutoka ukingoni, anajaribu kukaza uso. "Samahani. Sheria ni dakika ishirini. Nyie mmepitisha nusu saa."

"Tulichelewa kuanza," alisema Tanuri.

*

Jumatatu asubuhi, jua lilipofika kwenye pazia, Bi Stempu aliamka akanyoosha mkono. Upande wa pili ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa na moto. Kisha akasikia sauti kutoka jikoni, kama mtu anayekuna nazi ngumu.

Simu ilianza kuita kabla hajafunga kanga vizuri. Dada mkubwa.

"Haya, umeshapanda? Basi lako linafika saa ngapi nije kukupokea?"

"Dada, siji. Zipu ya sanduku imeharibika."

"Zipu?"

"Ndiyo."

"Mimi nimefua mashuka, nimehamisha kabati peke yangu na kiuno changu hiki, wewe unaniambia zipu? Si ufunge kamba!"

"Mume wangu kasema ataiacha mbovu."

Dada mkubwa alikuwa mjane wa miaka tisa na hakuwa mjinga. "Ahaa," alisema. "Ni zipu ya namna hiyo. Basi msiitengeneze. Lakini mashuka yangu mtakuja kuyalalia, wote wawili, na mwambie huyo mwoka aje na mkate." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Jikoni hakukuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na vumbi jeupe, na vipande vya msasa vilivyochakaa. Bi Stempu aliuvuta mlango, akatazama nyuma yake. Rangi ile ya kung'aa ilikuwa imekwanguliwa sehemu moja, pana kama sinia, si mraba wala duara, mpaka ubao wa zamani ukatokea. Juu yake, kwa zile herufi za keki:

MSASA UMEKWISHA. NIMEFIKA KWENYE KITASA TU. CHAI IKO MEZANI, VIKOMBE VIWILI. NIKO NJE KWENYE NGAZI, NIMEKAA.

Chaki ilikuwa juu ya kitasa. Bi Stempu aliichukua, akafikiri, akaandika neno moja chini yake: NAKUJA. Halafu akaona ni upuuzi kumwandikia mtu aliye hatua kumi kutoka hapo, akacheka peke yake, na hakulifuta. Akachukua vikombe, akafungua mlango wa nje kwa kiwiko.

Tanuri alikuwa kwenye ngazi, vumbi la rangi kichwani kama unga. Aliposikia mlango, alianza kuinuka.

Akajikumbuka, akasogea kidogo, akakaa.